Barua ya malalamiko: kushushwa kwenye traiki, na saa za kuruka zisizo zangu

Igurusi, Wilaya ya Mbarali,
Mkoa wa Mbeya.

Kwa Meneja Mkuu,
Mafunzo ya Urubani wa Ndege Nyepesi.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSHUSHWA KWENYE TRAIKI NIKIWA NIMESHAFUNGA MKANDA, NA SAFARI YA MTU MWINGINE KUANDIKWA KWA JINA LANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakusalimu. Mimi ni mwanafunzi wenu wa traiki, ile ndege nyepesi ya magurudumu matatu inayoning'inia chini ya bawa la kitambaa. Faili langu mnalo, ada nililipa yote kwa mkupuo kama mlivyotaka, kwa hiyo sina haja ya kujieleza. Masharti ya mafunzo mliyaandika wenyewe, likiwemo lile la kwamba mwanafunzi aliyewahi muda wake haondolewi kwenye chombo isipokuwa kwa hali ya hewa au ubovu. Jumamosi iliyopita hali ya hewa ilikuwa safi na chombo kilikuwa kizima. Kilichokuwepo ni mgeni mwenye dola.

Nilikuwa nimeshakaa kiti cha mbele. Helmeti kichwani, mkanda kifuani, injini imeshapata joto. Ukaguzi nilikuwa nimeufanya kwa mikono yangu, kuanzia ile bolti inayoning'iniza bawa na pini yake ya usalama, hadi ncha za propela. Mwalimu yuko kiti cha nyuma, fimbo zake za kufundishia zimefungwa kwenye bomba la kuongozea bawa. Kifuko cha kuonyesha upepo kimenyong'onyea kabisa, asubuhi tulivu ambayo kila anayejifunza traiki anaiombea. Hapo ndipo kijana wenu wa mapokezi akaja mbio, akapita jirani na propela inayozunguka (jambo ambalo siku ya kwanza mlitutisha nalo hadi tukaogopa kuisogelea hata ikiwa imezimwa), akapunga mkono injini izimwe. Akaniambia: "Mama, shuka kidogo. Kuna mgeni anawahi ndege Songwe. Wewe si wa hapa hapa tu, utaruka hata kesho."

Wa hapa hapa. Sawa.

Nilipomuuliza ni kifungu gani cha masharti kinachosema mwenyeji anampisha mgeni, akakosa jibu, akatafuta sababu nyingine. Eti uzito. Nikashushwa, nikapelekwa kwenye mizani.

Sitaki nieleweke vibaya. Uzito kwenye traiki si jambo la mzaha, na nimelisoma somo hilo vizuri tu. Injini ya chombo kile, Rotax 582, ina nguvu za farasi 64 pale usawa wa bahari. Huku kwetu Usangu, zaidi ya mita 1,000 juu, nguvu hizo zinapungua hata kabla jua halijachomoza. Ndiyo maana siku ya usajili mlinipima nikiwa na helmeti na koti, mkaandika kilo 81, mkagonga muhuri. Kikomo chenu cha kiti ni kilo 85. Kama nilikuwa na shida ya uzito, mlipaswa kuiona kabla ya kupokea pesa, si baada ya injini kuwashwa.

Miezi ya Juni na Julai mliahirisha vipindi vyangu mara kwa mara kwa sababu ya upepo. Sikulalamika, kwa sababu upepo wa kiangazi wa huku naujua, ukishuka kutoka milima ya Kipengere haumwonei mtu haya. Lakini traiki si kitu cha kujifunza leo ukarudia mwezi ujao. Kusukuma bomba mbele pua inapanda na mwendo unapungua, kulivuta pua inashuka na mwendo unaongezeka. Mtu aliyezoea ndege ya kawaida anajikuta anafanya kinyume. Gurudumu la mbele ndiyo kabisa, unakanyaga mguu wa kulia chombo kinakwenda kushoto. Mwili unahitaji kurudiarudia mpaka usiulize. Kila mlipomweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu, mlinirudisha nyuma, na mwalimu mwenyewe analijua hilo.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi, kwa kuwa msaidizi wako alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya kujiamini kwamba "mama ulishuka kwa hiari yako". Naomba nieleze tena, taratibu, ili hiyo hiari ionekane.

Nilikuwa nimekaa. Injini inanguruma. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye pedali ya mafuta nikisubiri neno la mwalimu. Injini ikazimwa bila mimi kuulizwa. Mkanda wangu haukufunguliwa na mimi, ulifunguliwa na kijana huyo huyo, mkono wake ukapita kifuani kwangu mbele ya watu, mimi mwanamke mwenye umri wa mama yake. Mgeni alikuwa pembeni ameshavaa ovaroli yenu ya wageni, anapiga picha. Nikaongozwa hadi stoo, kwenye mizani ya kupimia magunia. Mizani hiyo naijua kuliko ninyi, mimi nina mashine ya kukoboa mpunga na nashinda nayo kutwa. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye nne kabla mguu wangu haujagusa bati. Nikamwonyesha. Akasema, "Panda tu mama." Nikapanda na helmeti, na koti, na viatu. Ukasimama kwenye 86. Akaisoma kwa sauti ya mnadani, "Themanini na sita!", na vijana wawili wa karakana wakacheka. Mkulima mwenzangu wa Igurusi, aliyekuja na pikipiki kuangalia ndege, naye alikuwepo akisikia. Ukitoa nne zile za mizani mbovu, unabaki na 82, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Mgeni hakupimwa. Ni mtu wa miraba minne, na mizani ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Alipandishwa akiwa na kamera na begi lake, tangi likaongezwa mafuta, wakaondoka.

Hiyo ndiyo hiari yangu.

Halafu nikaambiwa nisubiri, kipindi changu kitakuja. Kikaja saa nane mchana! Wakati huo joto lilikuwa limefika nyuzi 32. Mlitufundisha wenyewe kwamba kwenye mwinuko wa hapa, kwa joto la namna hiyo, bawa na injini vinafanya kazi kana kwamba viko karibu mita 1,900, kwamba chombo kitakula kiwanja kirefu zaidi kabla ya kunyanyuka na kitapanda kwa kusuasua, na kwamba hewa ya moto inayonyanyuka juu ya majaruba yaliyokauka inaweza kumrusha mwanafunzi kama bodaboda kwenye matuta. Saa hizo hata waliokwisha kuhitimu mnawazuia. Mimi ambaye asubuhi tulivu nilikuwa mzito, mchana wa nyuzi 32 nikawa mwepesi ghafla? Nilikataa, na nitakataa tena. Kwenye karatasi yenu mkaandika "mwanafunzi hakuwa tayari".

Yote hayo huenda ningeyameza. Jumatatu nilifuata kitabu changu cha kumbukumbu za kuruka. Nikakuta mstari mpya wa Jumamosi: saa 1:40 hadi saa 2:30 asubuhi, zoezi la kupanda na kukata kona, jina langu, saini ya mwalimu.

Saa 1:40 nilikuwa juu ya mizani.

Ndugu Meneja, chombo kile kina viti viwili. Mwanafunzi akiwa anafundishwa anakaa mbele na mwalimu nyuma akiwa na fimbo za kufundishia. Abiria wa kutalii anakaa nyuma, rubani anahamia mbele, na fimbo zile zinafunguliwa. Mwanangu alikuwa kwenye uzio na simu yake. Video inaonyesha fundi wenu anafungua fimbo kwa spana, inaonyesha mwalimu anakaa mbele, inaonyesha mgeni nyuma anapunga mkono. Katika viti hivyo viwili, mimi nilikaa kipi?

Na msije mkaniambia ni makosa madogo ya uandishi. Saa hizo ndizo leseni. Kijitabu chenu mnachogawa kwa wanaojiandikisha kinajivunia mfano wa Marekani, ambako leseni ya ndege nyepesi za michezo inaanzia saa 20, na ndani yake saa 15 za kufundishwa na saa 5 za kuruka peke yako. Kwenye hesabu ndogo namna hiyo, dakika 50 za uongo ni sehemu kubwa ya ujuzi ambao mtu hana. Mnaniandikia kona ambazo sijakata, kesho mnanituma nikaruke peke yangu juu ya Usangu kwa ujuzi wa karatasi. Nikianguka, mtamwonyesha nani kitabu hicho? Na mmenitoza kipindi hicho! Mgeni amewalipa dola, mimi nimekatwa shilingi, kwa safari ile ile moja.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nataka mambo mawili tu: mstari ule ufutwe kwa utaratibu, yaani ukatwe kwa kalamu, usainiwe na sababu iandikwe pembeni, na kipindi changu kirudishwe asubuhi, si mchana. Nilikuwa tayari hata kusahau habari ya mizani kama kijana yule angeniomba radhi.

Lakini jana msaidizi wako amenitumia ujumbe kwamba "tunaweza kukuongezea dakika 20 za bure, mama, tuyamalize". Ujumbe ninao, sijaufuta.

Basi sasa nataka ada yangu yote ya vipindi ambavyo sijaruka irudishwe, pamoja na kipindi cha Jumamosi mlichonikata. Nataka barua yenye saini yako wewe, si ya msaidizi, ikikiri kwamba saa za Jumamosi si zangu. Nataka radhi ya maandishi kwa namna nilivyofunguliwa mkanda na kupimwa mbele ya watu. Na kwa kuwa kila nilipoomba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, niliambiwa mashine imeharibika, nataka na risiti yangu ya ada yote, yenye tarehe ya siku niliyolipa.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Naifikisha kwa mkono na nitasubiri nakala yangu igongwe muhuri, hivyo tusije tukaambizana haikufika. Siku ya nane nitakuwa nimeshapeleka kitabu, video na ujumbe wa simu Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na nitawaomba walinganishe kitabu changu na mita ya saa za injini ya chombo kile, kisha na vitabu vya wanafunzi wengine. Sidhani kama mimi ndiye wa kwanza kuandikiwa safari ya mgeni, na nimeshaanza kuongea na wenzangu. Habari ya pesa nitaipeleka Tume ya Ushindani. Ya risiti, mnajua inakopelekwa.

Kuhusu mizani, mniazime siku moja niilete mashineni kwangu irekebishwe. Bure.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

(Saini)
Mwanafunzi wa traiki, jina na namba ya usajili viko kwenye faili lenu.

Nakala:
Mwalimu wangu wa urubani, ambaye saini yake iko kwenye mstari unaolalamikiwa.
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), itapelekwa siku ya nane.
Tume ya Ushindani (FCC), itapelekwa siku ya nane.
Mamlaka ya Mapato (TRA), Mbeya, itapelekwa siku ya nane.