Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikataba Yetu Serikali Zinapogombana

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima: sisi tunaoongoza idara za sheria katika kampuni za biashara ya kimataifa tufanye nini mataifa yanapogombana na mikataba yetu ikanasa katikati.

Kesi iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote ni ya RTI na MUR Shipping, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Mei 2024. Mkataba kati ya RTI, mkodishaji, na MUR, mwenye meli, ulihusu kusafirisha madini ya boksiti kutoka Guinea hadi Ukraine, malipo yakiwa kwa dola za Marekani. Aprili 2018 Marekani iliiwekea vikwazo kampuni mama ya RTI, malipo ya dola yakaingia mashakani. RTI ikasema italipa kwa yuro na hasara ya kubadilisha fedha itaibeba yenyewe. Mwenye meli akakataa, na mwishowe mahakama ikawa upande wake: wajibu wa kimkataba wa kufanya jitihada za kuridhisha ili kuvuka kikwazo haumlazimishi mtu kupokea malipo ambayo mkataba haukuyataja. Wengi wenu mliiona hukumu hii kali mno kwa wafanyabiashara. Mimi naiunga mkono. Anayetaka njia ya pili ya kulipana aiandike siku ya kutia saini, wakati pande zote bado zinacheka pamoja.

Ndiyo maana sikuafiki pendekezo la kutumia fedha za chama kununua ramani zinazoonyesha hatari za kila nchi kwa rangi nyekundu na kijani. Bodi za wakurugenzi huzipenda sana. Lakini ramani haikuambii kwamba mkataba uliousaini miaka kumi iliyopita unataja sarafu moja tu.

Kikao kuhusu sheria zinazopingana kilikuwa kigumu zaidi. Tangu 1996 Umoja wa Ulaya una kanuni inayozikataza kampuni zake kutii baadhi ya vikwazo vya Marekani, hasa vinavyohusu Cuba na Iran. China nayo ilitunga sheria ya kupinga vikwazo vya kigeni Juni 2021. Kampuni yenye shughuli pande zote inaweza kujikuta inavunja sheria ya mmoja kwa kumtii mwingine. Desemba 2021, katika shauri la Bank Melli Iran dhidi ya Telekom Deutschland, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kampuni inaweza kusitisha mkataba na aliyewekewa vikwazo bila kutoa sababu. Ila ushahidi wa awali ukionyesha kwamba ilikuwa inatii vikwazo hivyo, mzigo wa kuthibitisha sababu nyingine unaiangukia yenyewe. Fikirieni basi barua pepe ambazo wakuu wa mauzo huandikiana kabla hata hawajatuita. Hapo ndipo kesi hupotea. Mkuu wa sheria anayeitwa baada ya uamuzi kufanyika hubaki kutafuta maneno ya kuufunika, na kazi hiyo haimfai.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Juni 2025 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba ndege za kukodisha zilizokwama Urusi zilipotea 10 Machi 2022, serikali ya huko ilipozuia zisitoke, na kwamba anayepaswa kulipa ni aliyetoa bima ya hatari za kivita. Tarehe moja na fungu moja la bima vilibeba madai ya mabilioni ya dola. Hata hivyo, katika kampuni nyingi hati za bima hukaa idara ya fedha, na sisi tunaziona mara ya kwanza siku ya madai.

Mwaka ujao kamati ya mikataba itaandaa vifungu vya mfano kuhusu sarafu mbadala, vikwazo vinavyowekwa baada ya kusaini, na mahali pa usuluhishi. Rasimu mtaipata kabla ya kikao cha robo ya kwanza. Wenye mikataba iliyowahi kuwaletea matatizo watume vifungu husika kwa katibu, baada ya kufuta majina ya wahusika.