Hesabu ya Januari huanza Septemba

Morogoro,
5 Septemba 2026

Mwalimu mwenzangu na rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukabidhiwa kazi ya Takwimu na Vifaa vya shule hapo wilayani Kilosa. Umeniuliza uanzie wapi ili shule zikifunguliwa Januari usihangaike. Anza na watoto wenyewe, tena anza mwezi huu.

Shule nyingi huchukua idadi ya darasa la kwanza la mwaka huu, zikaongeza kidogo, zikaita maoteo. Kwa wilaya kama yako hiyo haifai. Wafugaji wanahama, mto ukifurika kaya zinahama, na shule iliyotarajia watoto 90 inapokea 160. Waombe Maafisa Elimu Kata wapite kaya kwa kaya wakiongozana na wenyeviti wa vitongoji, kabla uandikishaji wa Oktoba haujaanza. Watakaoingia darasa la kwanza Januari 2027 ni waliozaliwa 2020, wa awali ni wa 2021. Ukishapata orodha, ilinganishe na rejista ya chanjo ya zahanati kwa miaka hiyo. Haziwezi kulingana sawasawa. Lakini rejista ikizidi kwa wingi, usiandike kwamba watoto wamehama mpaka umeuliza kitongoji kipi hakikufikiwa. Mara nyingi ni kile cha mbali, ng'ambo ya korongo.

Ukipata idadi, igawe kwa chumba. Tuseme shule ina watoto 164. Kwa kipimo cha 45 kwa darasa unahitaji mikondo 4, yaani watoto 41 kila mkondo. Dawati moja ni la watoto watatu, kwa hiyo mtu akigawa 164 kwa 3 atakuambia madawati 55 yanatosha. Hayatoshi: kila chumba chenye watoto 41 kinahitaji madawati 14, jumla 56. Dawati moja linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini huwaacha watoto wawili watatu sakafuni mwaka mzima, na hao hujifunza kuandika daftari likiwa pajani.

Hapo kwenye madawati nakusihi usiamini taarifa ya maneno. Nenda ukayaguse. Lishike dawati pembeni ulitikise. Likiyumba, lipindue uangalie miguu. Nyufa huanzia kwenye weldingi ya chini, mahali mguu unapokutana na bomba la mlalo, kwa sababu wanafunzi hulikokota wakati wa kufagia badala ya kulinyanyua. Ufa huo ukizibwa mapema ni kazi ndogo ya fundi. Ukiachwa, bomba linakatika na dawati linatupwa nyuma ya darasa, linanyeshewa. Ubao wa dawati nao hulegea kwa sababu nyingine: mbao zilipigwa zikiwa mbichi, zikakauka na kunywea, zikaanza kucheza, na tundu likalika hadi kuzidi boliti. Kukaza boliti peke yake hakusaidii, weka chini yake washa pana, kile kiduara bapa cha chuma chenye tundu. Kwenye mkataba wa madawati mapya andika wazi kwamba mbao ziwe kavu, na usipokee mzigo kabla ya kuzikagua.

Darasa la saba wakishamaliza mtihani mwezi huu, madawati yao yanabaki bure. Huo ndio wakati wa fundi, kabla mvua hazijaharibu barabara za milimani. Ila usiyapeleke madawati hayo darasa la kwanza. Mtoto wa miaka sita akikaa juu yake miguu inaning'inia, anainua mabega ili afikie meza, na mwandiko unapinda. Yagawe kwa kimo: ya la saba yaende kwa la sita wanaopanda, na yaliyo mafupi yashuke kwa wadogo.

Kuhusu fedha za ruzuku ya serikali, shule ya msingi huhesabiwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika kwenye akaunti ya shule. Wanafunzi 800 ni Sh 4,800,000, wastani wa 400,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, mitihani na ukarabati. Kwa hiyo takwimu za wanafunzi kwenye SIS, mfumo wa taarifa za shule, zikiwa pungufu, shule inakosa haki yake. Zikiwa na majina hewa, unaingia matatani wewe na mwalimu mkuu. Waliohama lazima uhamisho wao ukamilike kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, la sivyo jina linabaki shule ya zamani, na mtoto atapata shida wakati wa kusajiliwa kwa mtihani wa taifa.

Vyoo navyo vihesabu kwa matundu: wasichana 20 kwa tundu, wavulana 25. Shule ya wasichana 410 na wavulana 390 inahitaji matundu 21 na 16. Tundu lisilo na mlango usilihesabu.

Waombe walimu wakuu wapange mapema nani atafundisha la kwanza, na awe mwalimu mzoefu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Inauma kuona darasa hilo likiachiwa mgeni asiyejua hata kumshikisha mtoto penseli.

Mahindi ya uji yakubaliwe kwenye mkutano wa wazazi na kukusanywa sasa, ghala za nyumbani zikiwa bado na kitu. Ukingoja Januari utamkuta mzazi naye ananunua.

Tena, angalia mbele kidogo. Waliokuwa la tatu na la nne mwaka 2024 watamaliza msingi pamoja mwaka 2027, wa kwanza wakiwa la sita kwa mtaala mpya na wa pili wakiwa la saba kwa ule wa zamani, kwa hiyo Januari 2028 sekondari zitapokea makundi mawili kwa mpigo. Mpelekee mwenzako wa sekondari idadi hiyo kata kwa kata mwaka huu huu, wakati bajeti bado inaandaliwa.

Ukimaliza kata tatu za kwanza nitumie majedwali, tuyapitie pamoja. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Mwalimu mwenzako