Mwanangu, mkaushe ndege hadi tumboni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na natumaini nawe hujambo na vidole vyako havijachubuka sana kwa msasa.

Picha ya wale yangeyange saba uliowaunda kwa karatasi na gundi nimeipata, na tangu jana naitazama siichoki. Yule wa tatu kutoka kushoto umempatia shingo kabisa. Wengi huipinda taratibu kama mpini wa mwavuli, lakini shingo ya yangeyange hukunjika ghafla, kama herufi S iliyobanwa, na wewe umeliona hilo bila kuambiwa. Jicho lako limekomaa.

Sasa swali lako. Unasema umepata oda ya ndege 40, mteja anawataka baada ya siku 20, na unauliza kama unaweza kubandika tabaka zote za karatasi kwa mkupuo mmoja kisha ukawakausha kwa oveni. Hapana, mwanangu. Nakuomba usifanye hivyo. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu mimi nilishafanya na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Wewe ulikuwa bado mdogo. Mtu mmoja aliniagiza bundi mkubwa wa kumpa mama yake zawadi. Nikabandika tabaka nane kwa siku moja, nikamwanika, kesho yake nikamgonga kwa ukucha akalia ko, ko, kama kibuyu. Nikajua amekauka. Nikampaka rangi, nikampiga vanishi mara mbili, nikamkabidhi. Baada ya miezi miwili akarudishwa. Kifuani, palepale nilipochora manyoya moja moja, rangi ilikuwa imevimba na kutoa madoa ya kijani na meusi. Nikampasua kwa kisu. Ganda la nje lilikuwa gumu kama ubao. Chini yake karatasi zilikuwa teketeke, zimelowa, maandishi ya gazeti bado yanasomeka, na harufu yake ilikuwa ile ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Nilirudisha pesa zote. Mteja hakunifokea. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa amempenda sana yule bundi. Maneno hayo yaliniuma kuliko zile pesa.

Maji yaliyomo kwenye gundi yana njia moja tu ya kutokea, nayo ni kupenya karatasi hadi yafike kwenye hewa. Tabaka la nje likishakauka na kukaza, la ndani linabaki linapumua kwa shida, na ukija na rangi na vanishi juu yake umeyafungia maji mlango. Unga uliolowa gizani ni karamu ya ukungu. Oveni ndiyo inayozidisha: inakaza ganda upesi kabla tumbo halijakauka, na kama ndani umeweka puto, hewa yake hutanuka kwa joto kisha hunywea ikipoa, ikavuta karatasi nayo. Tumia feni. Hewa inayotembea huchukua unyevu bila kulikaza ganda, na ukimgeuza ndege kila baada ya saa chache hata chini ya tumbo patakauka.

Bandika tabaka mbili, tatu zikizidi, kisha mwache siku nzima. Zamu ya kwanza tumia gazeti, inayofuata tumia karatasi ya kaki, ili uone kwa macho wapi umefunika na wapi umeruka. Karatasi usiikate kwa mkasi, ichane kwa mkono. Kingo iliyochanwa ina nyuzi nyembamba zinazolala na kushikana na jirani yake, lakini kingo ya mkasi inaacha ngazi ambayo utahangaika nayo kwenye msasa. Utagundua pia kwamba gazeti huchanika wima vizuri, lakini ukilichana kwa mlalo linakwenda upogo. Upande unaochanika wima ndiko nyuzi zilikolala. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake, na ikikauka hurudi. Kwa hiyo tabaka moja lilale hivi, linalofuata likatize juu yake. Ukizilaza zote upande mmoja, bawa ulilolitengeneza limenyooka utalikuta asubuhi limejikunja kama jani kavu. Yule wa sita kwenye picha yako, bawa lake la kulia limefanya hivyo hivyo, au sivyo?

Kujua kama amekauka, usimgonge. Nimekwambia kugonga kulinidanganya. Mweke shavuni. Palipo na unyevu utasikia ubaridi, kwa sababu maji yanapotoka kwenye karatasi huondoka na joto. Kisha mpime kwenye mzani ule mdogo wa jikoni, andika uzito wake kwa penseli chini ya mkia, umpime tena kesho saa ileile. Akipungua hata gramu mbili, bado. Uzito ukigoma kushuka siku mbili mfululizo, hapo ndipo uguse brashi. Kwa ndege wenye tumbo kubwa mimi hutoboa tundu la kidole chini, hewa iingie ndani, na tundu hilo hulifunga mwisho kabisa kabla ya rangi ya chini.

Gundi yako naona ni ya unga, na sina ugomvi nayo. Koroga unga kwa maji baridi kwanza mpaka madonge yaishe, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka huku mkono hausimami, mpaka uji ule mweupe ugeuke kuwa kama kioo chenye ukungu. Hapo wanga umeiva na utashika. Ukiepua mapema utabandika vizuri siku ileile na kesho vipande vitaanza kunyanyuka pembeni. Tia chumvi kidogo, usikae nayo siku nyingi, na ikianza kunuka mwaga bila kuionea huruma. Ila kwa tabaka la mwisho tumia gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji. Wadudu wanaokula karatasi huvutwa na unga, na hutaki kumuuzia mtu ndege atakayetobolewa taratibu kabatini.

Sasa tuje kwenye zile 40. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Ndege mmoja wa ukubwa ule, waya na umbo la ndani vinakula saa mbili. Duru nne za kubandika, dakika 45 kila duru, ni saa tatu. Msasa na rangi ya chini, saa moja. Miguu, mdomo, macho, manyoya na rangi, saa tatu nyingine, na hapo sijahesabu kukauka. Jumla saa tisa za mkono. Mara 40 ni saa 360. Gawa kwa siku 20 unapata saa 18 kila siku, bila kuumwa wala kupumzika. Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekuruhusu.

Mpigie huyo mteja leo. Mwambie ndege 15 watakuwa tayari kwa tarehe anayoitaka, hao ni saa 135, karibu saa saba kwa siku. Waliobaki 25 utawatoa siku 35 baadaye. Wafanye kwa mstari, siyo mmoja mmoja: wa kwanza akiwa anakauka wa tano anabandikwa, wa kumi anafungwa waya. Namna hiyo kukauka hakukupotezei hata dakika. Mteja akikataa, chukua hao 15 tu, au mwache aende. Najua inauma kuachia oda kubwa ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Lakini ndege 40 wakirudi na madoa, utawalipia wote, na utakuwa umekula muda wako wa mwezi mzima.

Na bei uliyomtajia, mwanangu, imenisikitisha. Umehesabu gundi, rangi na waya, ukaongeza kidogo juu. Kwa sababu gazeti ni la bure ukaona na ndege awe wa karibu na bure. Anza na zile saa tisa. Jiulize saa moja ya mkono wako ni pesa ngapi, zidisha, kisha ndipo uongeze vifaa, nauli, maboksi, na wale wanaoharibika mezani kwako, maana katika kila kumi mmoja atakukatalia. Anayeagiza wengi mpunguzie kidogo, ila usimpunguzie mpaka uwe unamlipa wewe kwa kununua.

Uliniandikia kwamba kuna mtu aliwaita ndege wako takataka za magazeti, na nahisi ndiyo maana ukaogopa kutaja bei. Wafaransa kazi hii wanaiita papiemashe, yaani karatasi iliyotafunwa, jina lisilo na makuu. Lakini mwaka 1772 huko Birmingham, Uingereza, Henry Clay alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kugandisha karatasi tabaka juu ya tabaka hadi zikawa mbao ngumu, zikatengenezewa sinia, samani na hata kuta za magari ya farasi. Huko Kashmir, kazi hii ina mafundi wa aina mbili: sakhtasaz anayeunda umbo kwa karatasi iliyopondwa, na naqash anayelichora. Nampenda sana huyo wa kwanza. Mnunuzi anasifu maua na dhahabu, na maua hayo yamekalia mgongo wa mtu ambaye kazi yake haionekani tena. Wewe ni wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo bei yako ibebe wote wawili.

Kuna na Pedro Linares wa jiji la Mexico, aliyezaliwa 1906. Alikuwa fundi wa karatasi kama sisi, anaishi kwa kutengeneza sanamu za sherehe ambazo nyingine huchomwa moto siku hiyohiyo. Mwaka 1936 aliugua sana, na katika homa akaota msitu wenye viumbe wa ajabu, punda mwenye mabawa ya kipepeo, simba mwenye kichwa cha tai, wakipiga kelele neno moja: alebrijes. Alipopona akawatengeneza kwa karatasi ili watu wa nyumbani waone alichokiona. Mwaka 1990 nchi yake ikampa tuzo ya taifa ya sanaa, na alifariki 1992. Nakueleza haya kwa sababu uliniambia una wazo la kinyonga mwenye mbawa za popo na unaogopa kwamba hatanunuliwa. Mtengeneze. Yangeyange watu wanawalinganisha na yangeyange wa fundi mwingine, lakini kinyonga wako wa mbawa hana wa kulinganishwa naye.

Mali kauli, yaani kumwachia mwenye duka auze kwanza ndipo akulipe, sikukatazi, ila usitoe bila maandishi. Mimi nilimwachia mwenye duka mmoja ndege 12 kwa mdomo tu. Niliporudi nilikuta watatu wamepauka, aliwaweka dirishani jua likawapiga, wawili hawajulikani waliko, na hesabu ya waliouzwa kila mtu alikuwa na yake. Andika idadi, bei ya kila mmoja, fungu la mwenye duka, siku ya kulipana, na nani anabeba hasara ndege akiharibikia kwake. Mtie saini wote wawili. Kwa oda maalumu chukua arbuni ya nusu kabla hujakata waya.

Picha zako za kuuzia zipige karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, manyoya yaonekane yamelalia. Moja iwe na mkono wako pembeni, watu wajue ukubwa. Mwambie mnunuzi ukweli kwamba vanishi haimgeuzi ndege kuwa wa kukaa mvuani wala kwenye mvuke wa bafuni. Kwenye boksi, kinachovunjika kwanza ni mdomo, halafu vifundo vya miguu. Vizungushie karatasi laini kabla ya kujaza kitu kingine chochote, na tingisha boksi sikioni. Ukisikia kitu kinatembea, fungua upange upya.

La mwisho ni yule wa tano kwenye picha, anaegemea mbele. Nimemwona. Usimpindishe miguu, utamharibia mkao. Mfunge uzi mgongoni umning'inize, usogeze uzi mpaka atulie bila kuinamisha kichwa wala mkia. Chini ya sehemu hiyo ndipo nyayo zake zinapotakiwa kuwa. Kama tofauti ni ya upana wa kidole, gandisha kijiwe ndani ya kitako chake upande wa nyuma, ukifunike kwa tabaka mbili. Nami nimekufungia ile koleo yangu yenye ncha nyembamba, ile uliyokuwa ukiililia utotoni, itakufaa kwenye kucha. Ukishamsimamisha, nipigie picha ya ubavuni, siyo ya mbele.

Mama yako