Dada yetu hajakatwa, lakini bado anatuhitaji: wito wa harambee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tunaandika kwa haya kidogo. Mwaka jana tuliwaomba mchangie upasuaji wa dada yetu anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mpaka leo hakuna upasuaji. Maneno yanayosemwa nje baada ya ibada tumeyasikia: eti hela zimeliwa, eti kama hakukatwa basi saratani haikuwepo. Tangu yaanze, ahadi zimekauka. Mwezi uliopita alifika stendi alfajiri, begi mkononi, mweka hazina akahesabu kilichobaki na nauli haikutimia. Basi likaondoka, naye akarudi nyumbani kuuza vitumbua vyake kama kawaida. Siku ya kliniki ikapita.

Yeye mwenyewe ameturuhusu tueleze. Saratani ipo. Kipimo cha sindano kilionyesha ni ile iitwayo papilari, kwenye tezi ya thairoidi, hapa mbele ya shingo. Ila ina milimita 7 tu, na iliyo chini ya sentimita 1 siku hizi si lazima ikimbiliwe na kisu. Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Japani, ilianza mwaka 1993 kuwafuatilia wagonjwa wa namna hii kwa ultrasaundi badala ya kuwakata mara moja. Katika wagonjwa 1,235 waliochunguzwa hivyo, ndani ya miaka 10 uvimbe uliongezeka milimita 3 au zaidi kwa takriban 8 katika kila 100, na kwa wasiofika 4 katika 100 saratani iliingia kwenye mitoki. Walioonekana kuhitaji upasuaji walifanyiwa baadaye, na hakuna aliyefariki kwa saratani hiyo. Mwaka 2015 hata miongozo ya madaktari wa Marekani iliukubali utaratibu huu kwa wagonjwa wanaofaa.

Upasuaji nao si mchezo. Nyuma ya tezi hiyo inapita neva ya sauti, na ikiguswa vibaya mtu hubaki anakwaruza. Mnaomjua mnaelewa hilo lina maana gani kwake. Tezi ikitolewa yote atameza vidonge kila siku ya maisha yake, na kalsiamu mwilini inaweza kuvurugika.

Kwa hiyo daktari anapima mengi. Uvimbe umekaa wapi? Kama umeegemea bomba la hewa au njia ya ile neva, hakuna kungoja. Mitoki imeguswa? Umri nao unahesabiwa, kwa sababu kwa vijana uvimbe huu hukua zaidi kuliko kwa watu wazima, na dada yetu ameshapita miaka 50. Anaweza kulala usingizi akijua kitu kiko shingoni? Yeye amesema anaweza. Swali la mwisho ndilo lililotufanya tukae kikao: ataweza kurudi kila miezi 6 kwa sasa, na baadaye kila mwaka? Daktari alimwambia wazi kwamba kungojea ni kwa anayerudi. Asiporudi, ni afadhali akatwe nusu ya tezi mapema kuliko kupotea.

Yaani ahadi zetu zimeingia kwenye uamuzi wa daktari.

Hesabu ni hii. Ahadi zilikuwa shilingi 3,200,000. Zilizolipwa ni 1,150,000. Vipimo, dawa, nauli na malazi vimekula 1,136,000, na risiti ziko ofisi ya usharika, yeyote aje azione. Zimebaki 14,000. Kwa miaka 2 ijayo tunahitaji 1,400,000, na kinachozidi kitabaki akiba ya upasuaji, ikiwa siku moja uvimbe utakua. Hela haitoki bila sahihi ya mweka hazina na mzee wa kanisa mmoja.

Tunaikumbuka jumuiya iliyouza mbuzi wake ili kipimo cha kwanza kifanyike, na wamama waliochanga mia tano tano sokoni. Hao hawakuuliza atakatwa lini. Ninyi mlioandika ahadi kubwa mbele ya madhabahu, tena kwa makofi, majina yenu tunayo na hatutayasoma. Mungu ndiye anayeyajua pamoja nasi.

Kliniki imempangia siku nyingine mwisho wa mwezi huu. Toeni kwa mweka hazina au kwa kiongozi wa jumuiya yako kabla ya Jumapili ya tatu, ili tikiti ikatwe mapema. Asiye na fedha alete unga na mafuta; tutavinadi baada ya ibada ya pili.

Kamati ya Huduma, kwa niaba ya usharika