Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Mzima na Mswada Mmoja

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliamua tuache kurukaruka kutoka mswada hadi mswada, tukae na mmoja: kitabu cha mkono chenye namba Grec 510 katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, chenye hotuba za Mtakatifu Gregori wa Nazianzi, askofu wa karne ya 4, kilichoandaliwa Konstantinopoli kwa ajili ya Mfalme Basili wa Kwanza wa Bizanti, katika karne ya 9. Nashukuru mlishikilia uamuzi huo.

Ukurasa uliotuweka muda mrefu ni wa malkia. Eudokia, mke wa Basili, amesimama na wana wawili, Leo na Aleksanda. Konstantino, mwana mkubwa wa mfalme, hayumo. Alifariki mwaka 879. Eudokia naye alifariki mwaka 882. Kwa kuwa mtoto mmoja hakuchorwa na mama yumo, wataalamu wamekadiria kwamba mswada uliandaliwa kati ya miaka hiyo miwili. Rangi imebanduka sana, na inauma kuitazama.

Tulijiwekea kanuni: soma hotuba kwanza, picha baadaye. Mwanzoni baadhi yenu mlinung'unika, kwa kuwa picha za ukurasa mzima ni zaidi ya 40 na zinavuta macho. Lakini mara nyingi mchoraji haonyeshi anachosema Gregori. Huleta kisa cha Biblia kinachoifafanua hotuba kwa mbali, na asiyeisoma hakioni kiungo. Mwanahistoria wa sanaa Sirarpie Der Nersessian alilichambua jambo hili mwaka 1962, na makala yake ndiyo iliyotuongoza.

Hotuba ya mvua ya mawe ilitugusa kuliko zote. Mazao yameangamia, askofu mzee, baba yake Gregori, amenyamaza kwa uchungu, na watu wanamlazimisha mwana aseme. Pichani wamo wote: baba, mwana, na watu waliokuja kutafuta neno. Mwanachama mmoja aliyelelewa kwenye kilimo aliomba tuisome mara ya pili, tukaisoma.

Hesabu ataziwasilisha mhazini, hatuna deni.

Mwaka ujao napendekeza mswada mwingine wa hotuba za Gregori, wa karne ya 12, ulio katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, namba Gr. 339. Huo una hotuba 16 tu, zile zilizosomwa kanisani kwa kufuata sikukuu. Tuanze na ile fupi ya Pasaka. Wanachama Waorthodoksi wataitambua mara moja, maana maneno yake ya mwanzo, "Siku ya Ufufuko", bado huimbwa usiku wa Pasaka. Naomba wao ndio watusomee, kwa sauti, kabla hatujafungua picha yoyote.

Mwenyekiti