Kwa Nini Tunatoa Futi Kamba Hata Kama Mzigo Umeshapanda Mizani

Mteja akifika dukani kwetu hapa Jinja, tunakopokea vifurushi vya kutumwa ng'ambo, na katoni yake aliyoifunga nyumbani, macho yake huenda moja kwa moja kwenye mizani. Anaipandisha, anasoma kilo 4, anaanza kuhesabu noti za kilo 4. Nasi tunatoa futi kamba. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

"Futi ya nini tena? Mimi natuma vikapu, sitengenezi kitanda."

Mama mmoja wa Walukuba alituambia hivyo, na swali lake lina haki ya kujibiwa.

Vikapu ni vyepesi lakini vinakula nafasi, na ndege hujaa kabla ya kulemewa. Kwa hiyo kampuni za vifurushi vya ndege hutazama uzito wa namna mbili: ule wa mizani na ule wa ukubwa. Kampuni nyingi hupiga hesabu ya urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5000. Jibu ni kilo. Kati ya uzito huo na wa mizani, ulio mkubwa ndio unaolipiwa. Katoni ya sentimita 50 × 40 × 40 hutoka kilo 16, hata ukiijaza pamba tupu.

Somo hili tulilipia. Mteja alileta katoni ya vikapu, akiwa amekwisha kuipima kwa futi ya fundi cherehani na kuandika juu yake 20 × 16 × 16. Tukanakili namba hizo kwenye fomu kama zilivyo. Zilikuwa inchi. Yeye hakuandika inchi, sisi hatukuuliza, na karani wa kampuni ya kusafirisha akaziingiza kama sentimita. Kwa hesabu hiyo ukubwa ulitoa kilo 1 na chembe, kwa hiyo bei ikafuata mizani, kilo 4. Lakini mizigo ikifika kwenye vituo vikubwa vya ng'ambo hupita chini ya mashine inayopima kwa mwanga, na mashine haisomi maandishi ya mtu. Ikaona 51 × 41 × 41. Hiyo ni kilo 17 na ushee, wakapandisha hadi nusu kilo inayofuata, 17.5. Wiki tatu baadaye ankara ya nyongeza ikatukuta dukani. Tulilipa sisi, mteja hatukumdai. (Kama unasoma hapa, ndugu yetu, ndiyo ile ya vikapu vyekundu.)

Tangu siku hiyo hatupokei kipimo cha mdomo. Katoni tunaipima baada ya kufungwa na kupigwa selotepu, kwa sababu katoni ya vikapu huvimba tumbo kama mbuzi aliyevamia shamba la mahindi. Kipimo huchukuliwa pale palipovimba zaidi, pembeni hapatoshi. Sentimita 2 za uvimbe kwa kila kipimo huigeuza ile ya 50 × 40 × 40 kuwa 52 × 42 × 42, na kilo 16 zinakuwa 18.5 zikishapandishwa. Kilo mbili na nusu za hewa! Vipimo tunaviandika kwa kalamu nzito ubavuni, pamoja na neno "sm", tunapiga picha futi ikiwa bado imelala juu ya katoni, na picha moja tunakutumia wewe. Ikitokea ubishi, sote tuna ushahidi.

Posta ina mambo yake. Huko ukubwa hutumika zaidi kama mlango: unapita au hupiti. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ambao Uganda ni mwanachama, kifurushi kidogo kinachosafiri pamoja na barua kisizidi kilo 2, urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mrefu kuliko yote usizidi 60. Kikapu kimoja kipana cha gramu 600, ndani ya boksi la 42 × 42 × 17, kinafika 101. Kimekwama mlangoni, na sasa kitakwenda kama kifurushi kikubwa, kwa bei nyingine. Watu hukasirika sana kwa hili, na siwalaumu.

Wauzaji wa lubugo ndio wenye bahati. Nguo ya gome hukunjika kuwa mviringo, na kwa mzigo wa mviringo hesabu hubadilika: urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi 104, urefu wenyewe usizidi 90. Mkunjo wa sentimita 80 wenye kipenyo cha 10 unatoa 100 kamili. Unapita.

Uzito, thamani na maelezo ya bidhaa navyo viwe vya kweli. Tangu Januari 2021 kanuni hizo za posta zinataka taarifa za mzigo wa bidhaa zitangulie kwa kompyuta kabla mzigo wenyewe haujafika. "Zawadi" si maelezo. Andika "vikapu vya ukindu, 6".

Neno moja kwa wenye jamaa Marekani wanaopokea mzigo mkubwa kisha kuusambaza kwa wanunuzi kwa posta ya kule. Mwaka 2022 posta hiyo ilianza kuwatoza wafanyabiashara dola 1.50 kwa kila kifurushi kinachozidi inchi 22 kwa urefu, au futi moja ya ujazo, kikiwa hakina vipimo kwenye taarifa zake au vimekosewa. Kwa hiyo ukimtumia dada yako katoni, mtumie na vipimo vya kila boksi la ndani. Na kule wanataka inchi, usije ukampa sentimita ukarudia kosa letu kwa upande wa pili.

Ombi letu ni kwamba ulete vikapu vikiwa wazi, usivifunge. Tukivipanga kimoja ndani ya kingine na kukata katoni kimo, ile ya 50 × 40 × 40 mara nyingi hushuka hadi 50 × 40 × 25, yaani kilo 10 badala ya 16. Kupanga na kupima hatutozi, unalipia katoni na selotepu tu. Mzigo wa kwenda Kampala hutoka Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, kwa hiyo fika jana yake, au kabla ya saa mbili siku yenyewe.