Ethi rodi niliyoilipia, na kipande nilichokikuta kati ya mawe

Bwiru, Mwanza
22 Septemba 2025

Meneja,
Kampuni ya ufundi umeme (jina nimelihifadhi, wenyewe mnajijua),
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA UMEME ILIYOFANYWA NYUMBANI KWANGU TAREHE 11 HADI 13 AGOSTI 2025

Mimi ni mteja wenu mwenye risiti ya shilingi 1,140,000. Nililipa zote, sina deni, na nimewapigia simu mara tano kabla ya kukaa chini kuandika. Mara ya kwanza nilijibiwa vizuri. Mara ya tano mtu alipokea, akaisikia sauti yangu, akakata.

Tulikubaliana mbadilishe nyaya za vyumba viwili vya nyuma, mfunge hita ya kuogea, mniwekee soketi ya friza ninayohifadhia sato wa biashara, na mweke ethi mpya, yaani waya na rodi ya chuma ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imeoza. Kuhusu vile vyumba viwili sina neno. Swichi zimekaa sawa, soketi hazichezi, na vijana wenu walifagia hata vumbi la ukuta waliouchana. Nalisema hili msije mkadhani naandika kwa chuki.

Balaa lilianzia bafuni. Wiki haijaisha, mwanangu wa kidato cha pili akatoka na povu kichwani akisema, "Mama, maji yananing'ata." Nilidhani anakwepa kuoga. Nikaenda mwenyewe, nikaigusa koki kwa mgongo wa kidole, nikahisi kama siafu wamenipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikachukua tesita ya marehemu mume wangu, ile bisibisi ya kupimia umeme, nikaigusisha pale pale: kitaa kikawaka. Koki ya maji, Ndugu Meneja, si soketi.

Nilimpigia fundi wenu. Akaniambia, "Mayu, hiyo ni shoti ndogo tu, hita hizi ndivyo zilivyo. Ogeni mmevaa kandambili." Nikamuuliza kama na yeye kwake wanaoga hivyo. Akasema yuko kazini Usagara, atanipigia. Mpaka leo yuko Usagara.

Nilimleta fundi mwingine, kijana wa mtaa wetu aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA. Safari hii nilianza na leseni yake ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, nikaisoma mbele na nyuma kabla hajafungua begi, jambo ambalo kwenu sikulifanya kwa kuwa nilivutiwa na gari lenye maandishi na fulana zinazofanana. Alizima meni swichi, akazunguka nyuma ya nyumba, akafunua kile kisanduku cha zege mlichokijengea vizuri na kukipaka rangi. Akapima ethi: omu 380, na omu zikiwa nyingi umeme unapita kwa shida kwenda ardhini. Kisha akaishika rodi yenyewe kwa vidole viwili, akaichomoa kama mtu anayechomoa mhogo kwenye mchanga.

Tuliipima kwa futikamba ya cherehani. Sentimita 38. Risiti yenu inasema "ethi rodi futi 4", yaani sentimita 120 na ushee. Ncha ya chini haikuchongoka. Ilikuwa bapa, na alama za msumeno bado zinang'aa. Mliipiga nyundo ikagonga jabali, mkaikata, mkaisimamisha kwenye ufa, mkaifunika kwa zege.

Yule kijana alinifanyia hesabu nyuma ya risiti yenu hiyo hiyo. Umeme wetu ni volti 230. Waya wa moto ukigusa bati la hita, volti 230 zikagawanywa kwa omu 380, unaokwenda ardhini ni ampea 0.6 tu. Breka mliyoniwekea ni ya ampea 32. Haitatikisika, itaendelea kutulia huku koki ikimsubiri wa kuigusa. Ile breka ya usalama ya miliampea 30, yenye kitufe cha kujaribia, ingekata papo hapo. Hamkuiweka, wala hamkunitajia kwamba ipo.

Alipofungua hita tukakuta na la pili. Nililipia mita 22 za waya wa mm 6. Ukutani mmepitisha wa mm 2.5. Hita ni ya wati 5,500, karibu ampea 24 kila mtu anapooga. Plastiki ya waya pale inapoingia kwenye breka imeshageuka rangi, kutoka nyekundu kuwa kahawia kama chai iliyochacha, na ukiinusa unapata harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Hiyo ni kazi ya mwezi mmoja. Breka ya 32 kwenye waya mwembamba namna ile hailindi waya, inausubiri uungue kwanza.

Katika simu ya pili wewe mwenyewe uliniambia, "Mama, Mwanza yote ni mawe, tungefanyaje?" Nimelifikiria sana jibu lile. Ni kweli. Nimezaliwa juu ya mawe haya, najua kuchimba choo tu huku ni kesi. Kama fundi angekuja akasema, "Hapa rodi haiingii, tutafute njia nyingine, gharama itaongezeka," ningemwekea chai. Na njia nyingine ipo. Jirani yangu wa juu, ambako mawe ni mengi kuliko kwangu, fundi wake alichimba mtaro wa mlalo mpaka chini ya migomba yanakomwagikia maji ya kuoshea vyombo, akalaza waya wa shaba mtupu, akafukia kwa udongo, mkaa na chumvi. Mimi pia nina migomba. Iko hatua kumi kutoka kwenye kisanduku chenu. Mawe sikuwalaumu nayo. Nawalaumu kwa kuandika futi 4 kwenye risiti.

Kwa sasa hita imezimwa, tunaoga maji ya ndoo. Friza nayo nimeichomoa, na sato nawaweka kwa dada yangu Kirumba, kila siku nauli ya bodaboda kwenda na kurudi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Ama mlete mtu mwenye leseni, abadilishe waya wa hita, aweke ethi inayopimika na breka ya usalama, apime mbele yangu na mbele ya yule kijana wa mtaani. Ama mnirudishie shilingi 465,000, ambazo ni za ethi, waya wa mm 6 na ufundi wake kama mlivyoandika wenyewe. Naomba pia namba ya leseni ya fundi aliyefanya kazi kwangu. Siku hizo zikipita kimya, barua hii na picha kumi na moja nitazipeleka EWURA.

Atakayekuja apige simu kwanza, asubuhi huwa niko soko la samaki la Mwaloni. Kipande cha rodi nimekifungia kabatini pamoja na risiti. Atakiona, lakini hataondoka nacho.

Wako,
Mteja, Bwiru